Habari za Maisha ya Ilya Metchnikoff
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wengi wetu tumekwisha kusoma habari za Louis Pasteur wa Ufaransa na Robert Koch wa Ujerumani, maana majina yao yamo katika vitabu vya Biolojia. Lakini alikuwako mtaalamu mwingine wa siku zile zile ambaye jina lake hupita upesi upesi katika vitabu, mstari mmoja au miwili, kisha husahauliwa. Jina lake ni Ilya Metchnikoff. Yeye ndiye aliyeonyesha ya kwamba miili yetu ina askari wanaokula vijidudu. Tena alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kudai kwamba mambo yanayotendeka ndani ya matumbo yetu yaweza kuiharibu mishipa ya damu na kuufupisha umri. Katika baadhi ya maneno yake alisema kweli, na katika mengine alikosa. Nimeona vema niandike habari zake katika gazeti letu la muhula huu, kwa sababu ukweli wake na makosa yake, vyote viwili, vinatuhusu sisi tunaosoma, na wazazi wetu walioko nyumbani pia.

Utoto na Masomo Yake

Metchnikoff alizaliwa mwezi wa Mei, 1845, katika kijiji cha Ivanovka, karibu na mji wa Kharkiv. Siku hizi mahali hapo ni katika nchi ya Ukraine, lakini wakati ule palikuwa chini ya utawala wa Tsar wa Urusi. Baba yake alikuwa afisa katika jeshi la walinzi wa Tsar, na mama yake alikuwa wa asili ya Kiyahudi. Ilya alikuwa kitindamimba katika watoto watano. Tangu udogo wake alipenda sana kuchungua mimea na wadudu, na kila alipopata jambo jipya aliwakusanya watoto wenzake akawafundisha kama mwalimu.

Katika masomo alikuwa hodari mno. Alipoingia Chuo Kikuu cha Kharkiv alimaliza kwa miaka miwili masomo yaliyowachukua wenziwe miaka minne. Kisha akaenda Ujerumani na Italia kujifunza habari za wanyama wa baharini. Huko Naples alifanya urafiki na Mrusi mwenziwe, Alexander Kovalevsky, na wote wawili wakachunguza namna wanyama wadogo wasio na uti wa mgongo wanavyokua tangu yai. Mwaka 1867 alirudi kwao, akapata shahada ya udaktari wa elimu, akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Odessa akiwa na umri wa miaka 22 tu. Mwaka 1870 akafanywa profesa.

Mtu akisikia mambo kama hayo aweza kudhani ya kuwa maisha yake yalikuwa mteremko. Sivyo kabisa. Mwaka 1869 alimwoa Bibi Ludmila, naye alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu. Siku ya harusi bibi arusi alikuwa dhaifu hata ikawabidi wambebe kitini mpaka kanisani. Zamani hizo hapakuwa na dawa ya ugonjwa huo. Metchnikoff alifanya kila awezalo ili mkewe apone, akamhamisha mahali baridi akampeleka penye jua, lakini Ludmila alifariki katika kisiwa cha Madeira mwaka 1873.

Baada ya msiba huo Metchnikoff alivunjika moyo kabisa. Macho yake yalikuwa yameharibika kwa kutazama sana katika hadubini, na moyo wake wenyewe ulikuwa umeanza kumsumbua. Akaona dunia haina maana, akajaribu kujiua. Kwa rehema za Mungu hakufa. Ninaliandika jambo hili kwa sababu ni sehemu ya habari zake, na kwa sababu mtu yule yule aliyeyachukia maisha akiwa na miaka 28 ndiye baadaye aliyewaambia watu wote wa Ulaya ya kwamba maisha ni mema na kwamba yafaa yarefushwe. Kama angalikufa siku ile, yote nitakayoyasimulia hapa chini yasingalitokea kwa mkono wake.

Mwaka 1875 alioa mara ya pili. Mke wake mpya, Olga, alikuwa msichana mwenye kupenda elimu, akawa msaidizi wake hata mwisho, na baada ya kifo chake aliandika kitabu cha maisha ya mumewe. Lakini mwaka 1880 Olga naye akashikwa na homa ya matumbo, karibu afe. Mwaka uliofuata Metchnikoff alijitia mwilini damu ya mgonjwa wa homa ya vipindi, ambayo ni ndugu ya ile homa ya papasi tuijuayo huku kwetu, ili aone kama yaambukizwa kwa damu. Tena kwa wakati huo hakujali akifa au akipona. Aliugua sana, kisha akapona. Inasemekana ya kuwa tangu hapo alianza kuyapenda maisha upya.

Miiba na Kiti cha Pweza

Mwaka 1881 Tsar Alexander wa Pili aliuawa, na baada ya hapo vyuo vya Urusi vilijaa ghasia na mashaka. Metchnikoff alichoka na fitina za wakubwa, akajiuzulu mwaka 1882. Akachukua mkewe na wadogo wa mkewe wakaenda kukaa Messina, mji wa bandari katika kisiwa cha Sicily. Hapo hakuwa na chuo wala wanafunzi. Alikuwa na sebule ya nyumba, hadubini yake, na bahari iliyojaa wanyama.

Hata siku moja ya Desemba, 1882, jamaa zake wote walikwenda kutazama mchezo wa sarakasi, naye akabaki peke yake. Alikuwa akichungua vitoto vichanga vya kiti cha pweza, ambavyo miili yao hung'aa kama kioo, hata mtu huweza kuona ndani bila kuvipasua. Akaona chembe ndogo zikitembea ndani yao huku na huko. Akilini mwake likamjia wazo: labda chembe hizi zinazotembea ndizo walinzi wa mwili. Ikiwa ni hivyo, basi kitu kigeni kikiingizwa katika mwili wa mnyama huyu asiye na damu wala mishipa, chembe zile zitakimbilia kukizunguka, kama usaha unavyokusanyika mahali mtu alipochomwa na mwiba.

Alitoka akaenda bustanini. Siku chache nyuma walikuwa wameupamba mchenza mdogo kwa ajili ya Krismasi ya watoto. Akachuma miiba midogo ya waridi, akarudi akaichomeka chini ya ngozi ya vitoto vile. Usiku ule hakulala kwa kungojea. Alfajiri na mapema akatazama katika hadubini, na tazama, chembe zilikuwa zimeuzunguka mwiba pande zote kama siafu waliozunguka panzi.

Jambo hili laonekana dogo, lakini liligeuza elimu ya uganga. Madaktari wa siku zile walijua ya kuwa chembe nyeupe za damu huonekana mahali penye uvimbe, tena walijua ya kuwa ndani yake mara nyingine huonekana vijidudu. Lakini wengi walidhani ya kwamba chembe hizo ndizo zinazovibeba vijidudu na kuvieneza mwilini, kama mpagazi anayemchukulia mwizi mzigo. Metchnikoff akasema kinyume chake: hazivibebi, zinavila. Uvimbe, wekundu, joto na maumivu mahali pa jeraha si ugonjwa wenyewe, bali ni dalili ya vita ambavyo mwili unapigana kwa faida yetu. Profesa mmoja wa Vienna, Carl Claus, akamsaidia kupata jina la Kiyunani la chembe hizo, yaani fagositi, maana yake chembe zinazokula. Mwaka 1884 Metchnikoff aliongeza ushahidi mwingine. Alionyesha jinsi viroboto wa maji wanavyoingiliwa na mbegu za kuvu zenye ncha kama sindano, na jinsi fagositi zao zinavyozila. Zikishinda, kiroboto anaishi. Zikishindwa, anakufa.

Paris na Magomvi ya Wataalamu

Mwaka 1886 alipewa kuwa mkuu wa kituo kipya cha uchunguzi wa vijidudu huko Odessa, kilichowekwa ili kutoa chanjo ya kichaa cha mbwa kama alivyofundisha Pasteur. Lakini kwa kuwa hakuwa daktari wa kutibu watu, waganga wa pale walimpinga. Mwaka 1888 akaenda Paris kumwona Pasteur mwenyewe. Mzee Pasteur alimpokea kwa furaha, akampa chumba cha kufanyia kazi katika chuo chake kilichokuwa kikifunguliwa mwaka ule ule. Metchnikoff akakaa hapo miaka 28, mpaka siku ya kufa kwake.

Kazi yake kubwa hapo ilikuwa kuitetea fikira yake. Wajerumani wengi, waliomfuata Koch, walisema kinga ya mwili haimo katika chembe bali imo katika maji ya damu. Nao walikuwa na ushahidi wa nguvu, maana mwaka 1890 Emil von Behring na Mjapani Shibasaburo Kitasato walionyesha ya kuwa maji ya damu ya mnyama aliyekingwa yaweza kuiondoa nguvu sumu ya pepopunda na ya dondakoo. Basi pande mbili zikashindana miaka mingi, katika mikutano na katika magazeti ya kitaalamu. Metchnikoff alikuwa mkali wa maneno, lakini kila alipopingwa alirudi kwenye hadubini akatafuta jibu katika wanyama, si katika matusi.

Mwisho wake ukawa kama vile mara nyingi inavyokuwa watu wawili wenye akili wanapogombana: kila mmoja alikuwa na nusu ya ukweli. Mwaka 1903 Almroth Wright na Stewart Douglas, huko London, walionyesha ya kuwa katika maji ya damu mna vitu vinavyojishika juu ya vijidudu na kuzifanya fagositi zivile kwa urahisi, kama kitoweo kinavyomfanya mtu ale ugali. Yaani vitu vya majini na chembe zinazokula hufanya kazi pamoja. Kwa hiyo mwaka 1908 Tuzo ya Nobel ya uganga iligawanywa kati ya watu wawili: Metchnikoff, mtetezi wa chembe, na Paul Ehrlich wa Ujerumani, mtetezi wa maji ya damu. Mwezi ule ule wa Desemba, tarehe 28, tetemeko kubwa la ardhi liliuangusha mji wa Messina, mahali alipoichomeka ile miiba.

Maziwa Yaliyoganda

Sasa nafika kwenye sehemu ya habari yake ambayo ndiyo hasa iliyonifanya nichukue kalamu.

Metchnikoff alipofika uzee alianza kujiuliza kwa nini watu huzeeka. Mwaka 1903 alitunga jina la elimu ya uzee, nalo latumika hata leo katika lugha nyingi. Aliona ya kuwa wazee wengi mishipa yao ya damu imekuwa migumu, na kwamba ugumu huo unaudhuru moyo na ubongo. Akatafuta sababu yake, akaiona katika utumbo mpana. Alisema utumbo huo umejaa bakteria wanaoozesha mabaki ya chakula, hasa nyama, na kutoa sumu. Sumu hizo zinapenya na kuingia katika damu, zinaichakaza mishipa, na zinazichokoza fagositi hata zinageuka. Badala ya kula maadui, zinakula chembe bora za mwili wenyewe. Kwa maneno mengine, askari wanaasi na kuwashambulia raia. Aliwapa wanyama baadhi ya sumu hizo za tumboni kidogo kidogo, naye akasema ameona mishipa yao ikiharibika.

Dawa yake ilikuwa rahisi. Maziwa yakiganda hayaozi kama nyama, kwa sababu bakteria wa maziwa hutengeneza asidi, na asidi huwazuia bakteria wa kuozesha. Alikuwa amesikia ya kuwa wakulima wengi wa Bulgaria hula maziwa ya namna hiyo na huishi miaka mingi. Mwaka 1905 mwanafunzi Mbulgaria aitwaye Stamen Grigorov, aliyekuwa akisoma Geneva, alimwona bakteria wa maziwa hayo katika hadubini. Basi Metchnikoff akaanza kunywa maziwa yaliyoganda kila siku, akaacha kula vitu vibichi, akawashauri watu wafanye vivyo hivyo. Habari hizo zilienea Ulaya na Marekani kama moto wa nyikani. Wafanyabiashara walilitumia jina lake kuuzia maziwa, vidonge na unga wa kila namna. Na huko London daktari mpasuaji Arbuthnot Lane alifika hata kuwakata watu utumbo mpana na kuutoa, akiamini anawaponya, na baadhi yao walikufa.

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, vijana wa chuo cha Pasteur walikwenda vitani na kazi nyingi zikasimama. Metchnikoff alihuzunika sana. Mwishoni mwa mwaka 1915 moyo wake ulianza kushindwa. Alilazwa humo humo chuoni, katika nyumba aliyokuwa akikaa Pasteur zamani. Alikuwa akiandika hali ya ugonjwa wake mwenyewe kwa utulivu, kama anayeandika habari za mnyama aliye chini ya hadubini. Akamwomba rafiki yake, Daktari Salimbeni, ya kwamba akisha kufa wampasue na kuyatazama vizuri matumbo yake. Akafariki mwezi wa Julai, 1916, akiwa na miaka 71. Mwili wake ulichomwa, na majivu yakawekwa katika maktaba ya chuo kile.

Je, Alishindwa?

Waswahili husema, mganga hajigangi. Watu wengine walicheka, wakasema huyu ndiye aliyetaka tuishi miaka mia na zaidi, naye amekufa kwa moyo na miaka 71. Tena miaka michache baada ya kifo chake watafiti wa Marekani walionyesha ya kuwa yule bakteria wa Bulgaria hawezi kujikalia katika utumbo wa mtu kama alivyotumaini. Elimu yake ya maziwa ikaonekana kama ndoto ya mzee, na kwa muda mrefu madaktari wengi waliiacha.

Lakini mbegu aliyoipanda haikufa. Mwaka 1908 daktari Mrusi, Ignatowski, alitaka kuyapima maneno ya Metchnikoff kuhusu chakula na uzee, akawalisha sungura nyama, maziwa na mayai. Mishipa yao ikaharibika. Mwaka 1913 Nikolai Anichkov wa St. Petersburg aligundua ya kuwa kitu kilichowadhuru sungura wale ni lehemu, yaani yale mafuta ambayo madaktari wetu hupima katika damu. Tena Anichkov aliona ndani ya mishipa ile chembe zilizovimba kwa mafuta. Chembe hizo zilikuwa nini? Zilikuwa ni zile zile fagositi kubwa ambazo Metchnikoff alizipa jina la makrofaji. Zilikuwa zimekwenda kulifagia lile lehemu, zikala kupita kiasi, zikashindwa kutoka, zikafia humo humo na kuacha takataka ukutani mwa mshipa. Takataka hizo zikizidi na kupasuka, damu huganda juu yake, njia ikaziba, na moyo ukakosa hewa.

Siku hizi wataalamu hawalioni tena jambo la mishipa kuziba kuwa sawa na bomba lililojaa uchafu tu. Wanaona kuwa ni uvimbe wa pole pole, vita vya kinga ya mwili visivyokwisha. Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya majaribio ya dawa yaliyofanywa kwa watu zaidi ya 10,000 waliokwisha kupatwa na shambulio la moyo. Dawa ile haikupunguza lehemu hata kidogo. Ilituliza uvimbe tu. Hata hivyo mashambulio ya moyo, kiharusi na vifo vya magonjwa ya moyo na mishipa, yakihesabiwa pamoja, yalipungua kwa karibu asilimia 15. Lakini vifo vya magonjwa ya kuambukiza viliongezeka kidogo miongoni mwao, maana askari ukiwalaza usingizi, mwizi naye hupata nafasi.

Na tumbo je? Hapo napo Metchnikoff hakupotea njia yote. Ukuta wa ndani wa utumbo una safu moja tu ya chembe, na nyuma yake imejipanga sehemu kubwa sana ya kinga ya mwili wetu. Bakteria wema wakipata makapi ya nafaka, maharage na mboga, huyachachusha na kutoa asidi nyepesi ambazo hulisha ukuta huo na kuwatuliza askari walio nyuma yake. Wakikosa chakula hicho, ukuta hudhoofika, vipande vya bakteria hupenya katika damu, na askari wa mwili mzima hukaa macho bila kupumzika. Uvimbe huo hufika hata kwenye mishipa ya moyo. Tena mwaka 2011 Stanley Hazen na wenziwe wa Cleveland, Marekani, walionyesha ya kuwa bakteria wa tumboni hubadili vitu fulani vilivyomo katika mayai na nyama, kisha ini huvigeuza tena, na kitu kinachotokea mwishoni huambatana na ugonjwa wa mishipa. Metchnikoff hakukijua kitu hicho; lakini kama angalifufuka akaambiwa, nadhani angaliruka kwa furaha.

Habari nyingine ni ya hapa hapa kwetu Tanzania. Mwaka 2025 watafiti wa Moshi pamoja na wenzao wa Nijmegen, Uholanzi, walitangaza kazi waliyoifanya na wanaume 77 wa kaskazini mwa nchi yetu, wote wazima. Wengine waliokuwa wakila vyakula vya asili vya Kilimanjaro, kama ndizi, maharage na mboga za majani, walipewa vyakula vya kizungu kwa majuma mawili. Wengine waliokuwa wakila vyakula vya mjini walipewa vile vya asili. Wa tatu walikunywa mbege kwa juma moja. Waliohamia vyakula vya kizungu, dalili za uvimbe ziliongezeka katika damu yao na askari wao wakapungua nguvu ya kupambana na vijidudu. Waliohamia vyakula vya asili, na wale wa mbege, dalili za uvimbe zilipungua. Wazazi wasitie shaka: siandiki haya ili turuhusiwe mbege bwenini. Kilichotazamwa ni kule kuchachuka kwa nafaka na ndizi, na mtindi pamoja na togwa navyo huchachuka bila kumlevya mtu.

Mafundisho Tunayoyapata

Ninapoyatafakari maisha ya mtu huyu naona mambo matatu.

Kwanza, alikuwa na ujasiri wa kuuliza swali ambalo wengine hawakuliona. Wataalamu wengi walikwisha kuona chembe nyeupe mahali penye usaha. Yeye aliuliza zinafanya nini pale. Hakuwa na mashine za thamani. Alikuwa na mwiba na subira ya usiku mmoja. Shule yetu, kama shule nyingi za serikali, haina kila kifaa katika maabara, lakini miiba haijakosekana, wala maswali.

Pili, yatupasa kupambanua kati ya jambo lililothibitishwa na jambo linalotumainiwa. Habari ya fagositi aliithibitisha katika wanyama wengi, akapingwa miaka mingi, nayo ikasimama. Habari ya maziwa na uzee aliitangaza kabla haijapimwa vya kutosha, na kwa sababu jina lake lilikuwa kubwa, watu waliipokea bila kuuliza. Walioumia ni wale waliokatwa matumbo yao bure na wale waliotoa fedha zao kununua vidonge. Mambo haya hayajakwisha. Hata leo katika miji yetu huuzwa unga na maji ya kusafisha tumbo na kutibu moyo, na wauzaji hutaja majina ya wataalamu wa mbali. Naomba wazazi wetu, hasa walio na ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu, wasiache dawa za hospitali kwa ajili ya chupa hizo. Sahani ya ugali wa dona, maharage na mchicha, pamoja na kikombe cha mtindi, ni chakula chema, tena si cha gharama. Lakini ni chakula, si badala ya daktari.

Tatu, hakuogopa kupimwa. Mtu aliyeamini kwa miaka mingi ya kuwa uzee na ugumu wa mishipa hutoka tumboni aliomba tumbo lake mwenyewe lifunguliwe na litazamwe, ijapokuwa huenda lingalionyesha ya kuwa alikosea. Watu wengi hupenda kusifiwa kwa fikira zao. Wachache hukubali fikira hizo zichunguzwe wakati wao wenyewe hawapo kujitetea. Kwa sababu hiyo nasema hakushindwa. Mwenye elimu hupimwa kwa namna anavyoutafuta ukweli, nao ukweli aliouanza Metchnikoff katika sebule ya Messina bado unaendelea kutafutwa, hata hapa chini ya Mlima Kilimanjaro. Pengine mmoja wa wasomaji wa gazeti hili ndiye atakayeusogeza mbele hatua nyingine.